Azimio la kanisa dhidi ya ubaguzi: namna ya kulifanya lidumu

Juni 1977, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake wa sita hapa Dar es Salaam. Ulikuwa wa kwanza kufanyika Afrika. Wajumbe walimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa shirikisho, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho, na wakatamka kwamba ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika haukuwa suala la siasa ambalo Wakristo wangeweza kutofautiana kisha wakaendelea kama kawaida. Uligusa imani yenyewe. Makanisa ya Wazungu yaliyolengwa hayakuachana na utengano. Ikapita miaka saba. Mwaka 1984, huko Budapest, Mkutano Mkuu uliofuata ukasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu ya ukanda huo.

Tamko la Dar es Salaam lingeweza kufia kwenye makabrasha. Halikufa kwa sababu palikuwa na watu wa kulirudisha mezani mpaka likazaa uamuzi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kazi hiyo ya katikati, katika ngazi ya usharika au parokia. Kupitisha azimio ni rahisi: kwaya inaimba, watu wanapiga makofi, muhtasari unasainiwa. Ugumu unakuja mwaka wa tatu, mchungaji aliyelianzisha akiwa amehamishwa na nusu ya wazee wakiwa wapya.

Nimetumia maneno ya Kilutheri kwa sababu ndiko nilikolelewa. Mkatoliki asome parokia na halmashauri ya walei panapoandikwa usharika na baraza la wazee. Mwanglikana na Mmoraviani nao watajua pa kubadilisha.

Hatua ya 1: Kubalini kwamba jambo lipo

Kikwazo cha kwanza ni kauli moja: "Kwetu hakuna ubaguzi." Inasemwa kwa nia njema, na ina msingi. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alikataa Bungeni hoja ya kutoa uraia kwa kutazama rangi ya mtu. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya utaifa wake, kabila, mahali alipotokea au rangi. Tuna haki ya kujivunia hayo. Ila fahari hiyo hiyo ndiyo inayomfanya aliyebaguliwa aonekane mchokozi akifungua mdomo.

Basi anzeni na mji wenyewe. Dar es Salaam ilipangwa kwa rangi. Wajerumani walianza, Waingereza wakaendeleza kwa kanda tatu zilizotenganishwa kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenga pande hizo. Makanisa yetu ya zamani yalijengwa ndani ya ramani hiyo. Azania Front na Mtakatifu Yosefu yapo pale bandarini, palipokuwa mji wa watawala. Mzee wa kanisa akilijua hili hataona ajabu kuambiwa kwamba mazoea ya wakati ule yameacha mabaki.

Mabaki hayo yatafuteni Jumapili ya kawaida. Mgeni Mzungu akiingia amechelewa, mzee wa zamu anamsindikiza hadi kiti cha mbele, na wakati wa matangazo anaombwa asimame awasalimie washarika, ikibidi kwa mkalimani. Ibada hiyo hiyo, familia iliyotoka Burundi imekaa nyuma karibu na mlango, mwezi wa nne sasa, na hakuna aliyeandika majina yao kwenye daftari la jumuiya yoyote. Muumini mwenye asili ya Goa, ambaye babu yake amezikwa hapa hapa Dar, kila mara anaulizwa, "Kwenu hasa ni wapi?" Kijana mwenye ualbino anapewa nafasi moja tu kanisani, nayo ni ya kuombewa. Na Shule ya Jumapili ikicheza igizo, tazameni malaika ni nani na shetani ni nani. Mara nyingi mtoto mweusi kuliko wenzake ndiye anayevishwa nguo ya shetani, na hakuna mtu mzima aliyekaa akaamua hivyo. Hilo la mwisho linaniuma kuliko yote, kwa kuwa mtoto yule anaonyeshwa nafasi yake kanisani kabla hajajua kusoma.

Kabila nalo liwemo. Kuna sharika hapa mjini ambazo kila mtu anajua ni za watu wa mkoa gani, na uchaguzi wa wazee unaufuata mkoa huo. Kuna posa zinazokataliwa kwa sababu ya kabila au rangi ya mchumba, kisha Jumapili wazazi wale wale wanakwenda kwenye Meza ya Bwana wakiwa na amani. Mtu asiwaambie kwamba kabila ni mada nyingine. Anayeachwa nje haumii kidogo kwa sababu aliyemwacha nje ni mweusi mwenzake.

Hatua ya 2: Sikilizeni kabla ya kuandika

Teueni watu wasiozidi sita, na wasiwe wote wajumbe wa baraza. Mchungaji asiwepo kwenye mazungumzo hata kama anapendwa. Mbele yake watu husema "tunamshukuru Mungu" na kuishia hapo. Nendeni kwenye jumuiya, lakini msitosheke na jumuiya, kwa sababu waliotengwa mara nyingi hawana jumuiya. Wafuateni nyumbani au wanapofanyia kazi. Akina mama wamtembelee mama mwenzao, vijana waongee na vijana.

Maswali yawe ya mambo yaliyotokea. Mkiuliza kama kuna ubaguzi, mtapata jibu la adabu. Ulizeni hivi: Siku ya kwanza ulipokuja, nani alikusemesha? Umewahi kuombwa usome somo? Kiongozi gani anajua jina lako? Ulipofiwa, nani wa kanisani alikuja?

Hilo la msiba lipeni muda. Hapa Dar mtu hujua ana ndugu wangapi siku turubai linapofungwa nje ya nyumba yake. Katibu wa jumuiya amefika na daftari la rambirambi, akina mama wameshika masufuria jikoni, kwaya imekuja kukesha. Au viti vya kukodi vimebaki vitupu na mfiwa anahesabu majirani Waislamu waliokuja wakati washarika wenzake hawajaonekana. Mtu akiwasimulia msiba wa namna hiyo, msitetee kanisa. Sikilizeni mpaka amalize.

Andikeni maneno yao bila majina. Wasomeeni tena kabla ya kuyapeleka popote, na mtu akisema "hapo paondoe," paondolewe.

Hatua ya 3: Azimio la ukurasa mmoja

"Usharika unalaani ubaguzi wa kila namna." Kauli kama hiyo haipingwi na mtu, na Jumatatu hakuna anayejua afanye nini. Azimio linalofaa linataja kitendo, mhusika na tarehe. Kwa mfano: "Kuanzia Januari, wageni wote watakaribishwa kwa utaratibu mmoja, mzee wa zamu ataandika majina na simu zao, na kiongozi wa jumuiya ya eneo wanaloishi atawatembelea ndani ya wiki mbili." Au: "Walimu wa Shule ya Jumapili watagawa nafasi za maigizo kwa kura." Au: "Nafasi ya kazi yoyote ya kulipwa usharikani itatangazwa ibadani Jumapili tatu kabla ya usaili." Mambo matano ya namna hii yanatosha kwa mwaka wa kwanza.

Msiharakishe kulipitisha. Mwaka 1982, huko Belhar karibu na Cape Town, kanisa la Kireformati la watu ambao sheria za makaburu ziliwaita machotara liliandika rasimu ya ungamo la imani la kukataa utengano. Sinodi haikulipitisha siku ile. Rasimu ilirudi kwa waumini, ikajadiliwa, na likapitishwa mwaka 1986, likiambatana na barua ya kueleza kwa nini limeandikwa na kwamba lengo lake halikuwa kuwahukumu watu fulani na kujitoa wenyewe. Mpaka leo ungamo la Belhar ni sehemu ya msingi wa kanisa lililozaliwa kwa muungano wa mwaka 1994.

Fanyeni vivyo hivyo kwa kiwango chenu. Rasimu ishuke kwenye jumuiya zote, kila jumuiya irudishe maoni kwa maandishi, kisha ipande baraza la wazee na hatimaye mkutano mkuu wa usharika. Ambatanisheni barua fupi yenye yale mliyoyasikia katika hatua ya 2. Mzee atakayechaguliwa miaka mitano ijayo atahitaji barua hiyo kuliko azimio lenyewe, kwa sababu itamwambia nani aliumia na aliumiaje.

Hatua ya 4: Liondoeni kwenye Mengineyo

Hapa ndipo maazimio mengi yanapopotelea, nami naomba msomaji asiiruke hatua hii kwa kuiona ya kikatibu.

Vikao vyetu vinajulikana. Kufungua, kusoma muhtasari, yatokanayo, taarifa ya fedha, ujenzi, ujenzi tena, halafu mengineyo. Jambo lililopitishwa mwezi wa kwanza linakaa kwenye yatokanayo miezi miwili, linaandikwa "linaendelea kufanyiwa kazi," kisha linadondoka. Akitokea mtu wa kulikumbusha, anapewa nafasi kwenye mengineyo, saa ambayo watu wamekwisha kukunja karatasi na wengine wanawahi daladala za Mbagala na Gongo la Mboto.

Dawa yake ni kulifanya ajenda ya kudumu. Baraza liamue, na iandikwe, kwamba kila robo mwaka kuna ajenda yenye namba yake inayoitwa "Taarifa ya haki na upatanisho," na ije kabla ya ujenzi. Taarifa iwe na vipengele vile vile kila mara: kilichofanyika, ambacho hakikufanyika na sababu yake, malalamiko yaliyopokelewa, fedha iliyotumika. Kama hakuna taarifa, muhtasari useme wazi kwamba haikuletwa na nani alipaswa kuileta. Hiyo peke yake huwaamsha watu.

Kamati inayoandaa taarifa iwe chini ya baraza, na mwenyekiti wake awe mjumbe wa baraza. Kamati isiyo na mtu ndani ya kikao hubaki ikituma barua zisizosomwa. Wajumbe wasimalize muda wote kwa pamoja: theluthi watoke mwaka huu, theluthi mwaka kesho, ili kila wakati pawe na anayekumbuka. Na jamani, msiwajaze humo wale tu waliobaguliwa. Kumwambia mama wa Kirundi aliyetengwa kwamba sasa kazi ya kumaliza utengano ni yake ni kumbebesha mzigo mara ya pili.

Hatua ya 5: Fungu la fedha

Jambo lisilo na kasma haliishi. Tumemwona mtunza hazina akisema "wazo zuri, lakini halimo kwenye bajeti," na kikao kikasonga mbele. Mahitaji yenyewe ni madogo: nauli za wanaotembelea wageni, mkalimani wa lugha ya alama au wa Kifaransa panapohitajika, kofia pana na mafuta ya kukinga jua kwa washarika wenye ualbino, semina moja ya walimu wa Shule ya Jumapili. Fungu litoke kwenye sadaka za kawaida. Likitegemea mfadhili au mnada wa siku moja, litakufa siku mfadhili akigeukia kitu kingine.

Hatua ya 6: Kalenda na ibada

Tarehe 21 Machi ni siku ya kimataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi, kumbukumbu ya watu 69 waliouawa na polisi huko Sharpeville, Afrika Kusini, mwaka 1960 wakipinga sheria za pasi. Tarehe hiyo daima huangukia ndani ya Kwaresima, majira ya toba, kwa hiyo haihitaji kutafutiwa nafasi. Jumapili iliyo karibu nayo iwe na litania iliyoandikwa na washarika wenyewe. Tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino. Siku hiyo mhubiri au msomaji awe mtu mwenye ualbino, na asitakiwe kusimulia maisha yake. Asome somo kama msomaji mwingine yeyote.

Picha za ukutani na vitabu vya watoto pia vipitiwe. Hakuna haja ya kuchoma kitu, ongezeni nyingine.

Hatua ya 7: Mtu akilalamika

Wapokea malalamiko wawe wawili, mwanamke na mwanamume, majina yao yatangazwe ibadani na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Mlalamikaji apate jibu la kwanza ndani ya siku 7, hata kama ni la kusema tumepokea na tutakutana siku fulani. Anayelalamikiwa akiwa mzee wa kanisa, asikae kwenye kikao hicho. Akiwa mchungaji, suala liende kwa mkuu wa jimbo bila kupita ofisini kwake. Pakiwa na vitisho, kipigo au hatari kwa mtoto, hilo ni la polisi siku hiyo hiyo, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto inapohusika, na kanisa lisijipe kazi ya kusuluhisha jinai.

Katika mambo yasiyo ya jinai, mfuatano ni huu: ukweli, kukiri, kurekebisha, na mwisho kabisa upatanisho. Sisi tunapenda kuanzia mwisho. Watu wanaitwa mbele, wanashikana mikono, wanaombewa, washarika wanapiga vigelegele, na aliyeumizwa anarudi nyumbani akiwa hana hata ruhusa ya kuendelea kusikitika, maana ameshasamehe hadharani. Nawasihi wachungaji wetu mkiache kitendo hicho.

Chukua mfano wa kijana mwimbaji aliyenyimwa nafasi ya kuongoza pambio kwa sababu mwalimu wa kwaya alisema "watu watashangaa" sura yake ikionekana kwenye video. Ukweli: waliokuwepo waulizwe, kilichosemwa kiandikwe. Kukiri: mwalimu amwambie kijana, faragha, kwamba alisema hivyo na alikosea, bila "kama nilikukwaza." Kurekebisha: arudishiwe nafasi, na video irekodiwe tena ikibidi, kwa gharama ya kwaya. Upatanisho utakuja kijana akiwa tayari. Asipokuwa tayari mwaka huu, asisemwe kwamba ana moyo mgumu.

Posa zilizokataliwa zinahitaji busara zaidi, kwa kuwa kanisa haliwezi kumwamrisha baba. Ila mchungaji anaweza kwenda nyumbani kwa wazazi na mzee mmoja wanayemheshimu, akakaa, akanywa chai, na kuuliza mbele yao wote wawili: "Baba, Mama, huyu kijana mnamkataa kwa tabia au kwa kabila?" Swali likiulizwa kwa upole na mtu wa kanisa, ni vigumu kulijibu kwa uongo.

Hatua ya 8: Marafiki wa ng'ambo

Sharika nyingi za hapa zina urafiki na sharika za Ujerumani, nchi za Nordiki au Marekani. Urafiki huo ni baraka, na ndiyo sehemu ambayo mazoea ya kikoloni hujificha vizuri zaidi. Mgeni akija anapangiwa kuhubiri, kukata utepe na kukaa meza kuu. Vijana wetu wakienda kwao wanapangiwa kuimba.

Kubalianeni kwa maandishi: mradi uanze na kikao cha huku, bajeti ijadiliwe na pande mbili, na kila ziara iwe na jambo ambalo wao wamekuja kujifunza. Na historia izungumzwe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kwenye makumbusho ya Maji Maji na kuomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu zetu katika vita ya 1905 hadi 1907. Chifu Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906. Kama rais wa nchi aliweza kulisema hilo mbele ya familia ya chifu, usharika wa Ujerumani na wa Dar es Salaam wanaweza kukaa jioni moja na kulizungumza, kabla ya habari za kisima. Wenzetu wengi wanalitaka sana zungumzo hilo na wanaona haya kulianzisha. Anzisheni ninyi.

Hatua ya 9: Kupima na kukabidhi

Sensa za taifa ziliacha kuuliza kabila baada ya ile ya 1967, na kanisa lisirudishe kitu hicho kwenye fomu. Hesabuni vitendo. Mwaka huu wageni wangapi waliandikwa, na wangapi walitembelewa? Waliosoma masomo ni wangapi tofauti, au ni wale wale kumi? Malalamiko mangapi yalifika, na mangapi yalifungwa? Mwaka usio na lalamiko hata moja usishangiliwe haraka. Nendeni mkarudie maswali ya hatua ya 2. Takwimu hizi zisomwe kwenye mkutano mkuu wa usharika pamoja na hesabu za fedha, na mtu yeyote aruhusiwe kuuliza.

Jalada liwe moja, ofisini, na nakala kwa katibu wa kamati: azimio, barua yake, taarifa za kila robo, makubaliano na marafiki wa ng'ambo, na orodha ya malalamiko isiyo na majina. Mchungaji akihamishwa, jalada liandikwe kwenye hati ya makabidhiano kwa namba yake, kama hati ya kiwanja na funguo za gari zinavyoandikwa, na yule anayepokea atie saini.

Mchungaji mpya atakuja na maono yake, na ni haki yake. Mwenyekiti wa kamati amwombe nafasi ndani ya mwezi wa kwanza, kabla ratiba haijajaa, aende na mjumbe mmoja wa zamani na mmoja kijana. Wasiende kumkabidhi karatasi tu. Wamsomee barua kwa sauti, kisha wamwombe Jumapili mbili zijazo asimame mlangoni na mzee wa zamu, awasalimie wanaoingia na wale wanaokaa nyuma, na aulize majina yao.